Makao ya Chatu Mchanga wa Kifalme: Mwongozo Kamili Tangu Sanduku Tupu Hadi Gamba la Kwanza

Mwanangu alipotimiza miaka kumi na mitatu aliomba nyoka. Sisi ni watu wa Kilifi, na kwetu nyoka akionekana uani anaitwa mtu mwenye panga. Hapa Minneapolis tunakoishi sasa, wenzake shuleni wanafuga nyoka kama sisi tulivyofuga njiwa. Nilikataa mwaka mzima, kisha nikakubali kwa sharti moja: nyumba ya nyoka itangulie, nyoka afuate. Sharti nililivunja mwenyewe. Tulinunua chatu na tangi siku hiyohiyo, duka hilohilo, kwa maneno ya muuzaji: tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu, taa nyekundu na pango moja la plastiki. Wiki sita chatu hakugusa chakula. Gamba lake la kwanza lilitoka vipandevipande, kama karatasi iliyonyeshewa. Mwanangu alikuwa akikaa mbele ya kioo kila jioni akiniuliza, "Baba, atakufa?"

Hakufa. Lakini karibu yote yaliyomo humu nilijifunza nikirekebisha kosa la siku ile, na wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku ughaibuni wananiuliza mambo hayahaya kila watoto wao wanapoomba nyoka.

Kwanza umjue ni nani

Tunayemzungumzia ni Python regius. Jina hilo lina maana ya chatu wa kifalme, na Waingereza humwita hivyo. Wamarekani humwita kwa jina la mpira, kwa sababu akiogopa hujiviringa akawa tufe na kichwa akakificha katikati. Si yule chatu mkubwa wa kwetu anayeweza kumeza mbuzi. Jike aliyekomaa hufika sentimita 120 hadi 150, dume hubaki mfupi zaidi. Akitoka yaini ana uzito wa gramu 50 hadi 80 hivi, anaenea kwenye kiganja.

Kwao ni Afrika, kuanzia Senegal kupita Ghana, Togo na Benin hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mjini Ouidah, Benin, wana hekalu lao kabisa: chatu hawa hulala humo kwa makumi, huachiwa watoke kutembea, na anayemkuta mmoja nyumbani kwake humrudisha kwa heshima. Nilimweleza dada yangu habari hizo alipokuja kututembelea akakataa kulala nyumba yenye nyoka. Alilala hatimaye, ila mlango wa chumba chake aliuziba kwa taulo.

Jambo la kushika ni hili: porini chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vilivyohamwa, na hutoka usiku. Ndani ya kichuguu mna giza, hewa ina unyevu, joto halipandi wala kushuka ghafla, na kuta zinamgusa mgongo pande zote. Giza, unyevu, joto tulivu, mbano. Kila kifaa utakachonunua kinaiga mojawapo ya hayo manne, na muuzaji akikupa kitu kisichoiga lolote, kirudishe kwenye rafu.

Kabla ya kulipa senti, jiulize mara mbili juu ya umri. Chatu huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na wengine huvuka hapo mbali sana. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alipokelewa jike mmoja mwaka 1961. Mwezi Julai 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai saba. Mtoto anayeomba nyoka leo huenda akaoa nyoka yungali hai.

Soma pia mkataba wako wa nyumba na sheria za mahali ulipo. Jimbo la Hawaii, kwa mfano, haliruhusu kufuga nyoka yeyote. Na kwa ndugu walio nyumbani wanaonipigia simu wakitaka kujaribu: Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina yake ya mwaka 2009. Nyoka wa porini haokotwi akafugwa bila kibali. Mwacheni alipo.

Unapochagua, taka aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji. Maelfu ya chatu hawa bado husafirishwa kutoka Afrika Magharibi, na wengi hufika na kupe, minyoo na hofu ambayo haiwatoki. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, au walau akuonyeshe kumbukumbu ya milo mitatu ya mwisho. Na utakapoona rangi za ajabu, ujue aina yenye mistari myembamba kama utando wa buibui huzaliwa na hitilafu ya mishipa ya fahamu. Kichwa hutikisika na kupinduka maisha yake yote. Mimi simnunui huyo hata akiwa wa bei ya chini, kwa sababu fedha yangu itamfanya mtu azalishe wengine.

Sanduku

Chatu mkubwa anahitaji sanduku la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, na mwishowe utalinunua tu. Mchanga anaweza kuanzia humo ukilijaza vitu hadi lisiwe na uwanja mtupu, lakini kwa anayeanza mimi napendekeza dogo kwanza, la urefu wa sentimita 60 hadi 75 na upana wa 40 hadi 45. Ni rahisi kulipasha joto, ni rahisi kumwona, na ni rahisi kujua kama amekunya.

Nyenzo ina uzito kuliko ukubwa. Kioo chenye kifuniko cha wavu ni kizuri kwa samaki aliyemwagiwa maji, lakini kwa mnyama wa kichuguu kinavujisha joto na unyevu juu, na kinamwacha wazi pande nne. Ukiwa na uwezo, nunua sanduku la PVC lenye mlango wa mbele. Usipokuwa nao, beseni la plastiki gumu lenye kifuniko cha kufunga kwa klipu linafanya kazi vizuri kabisa. Toboa matundu kumi hadi kumi na tano kila upande kwa havya ya moto, kile chuma cha kulehemu, ukitoboa kutoka ndani kwenda nje ili ukingo mkali usimkwaruze. Kama tangi la kioo tayari unalo, usilitupe. Bandika karatasi nyeusi pande tatu kwa nje, kisha ufunike theluthi mbili ya wavu kwa karatasi ya alumini, ukiacha wazi sehemu iliyo mbali na chanzo cha joto.

Funga kufuli au klipu nzito. Nyoka mchanga hupita palipopita kichwa chake, na kichwa chake ni kidogo kuliko kidole gumba. Usiku mzima anafanya kazi moja tu ya kusukuma pembe zote kwa pua, moja baada ya nyingine, mpaka apate iliyolegea.

Liweke sanduku mezani, usawa wa kifua. Anayemjia kutoka juu ni mwewe, na hofu hiyo amezaliwa nayo. Epuka dirisha, maana jua likipiga kioo kwa saa moja linaweza kumchemsha, na epuka pia karibu na redieta na spika.

Joto, na hapa usiwe na haraka

Nyoka hatengenezi joto lake. Akila na mwili ukawa baridi, chakula huoza tumboni badala ya kusagika. Kwa hiyo sanduku linahitaji pande mbili: upande wa moto na upande wa baridi, naye atahama mwenyewe kadiri mwili unavyomtaka.

Lenga hivi: sakafu ya maficho ya upande wa moto iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, yaani 88 hadi 91 za Fahrenheit. Upande wa baridi uwe nyuzi 25 hadi 27. Usiku unaweza kushuka kidogo, lakini usikubali popote ndani ya sanduku pafike chini ya nyuzi 24, yaani 75 za Fahrenheit.

Kwa beseni la plastiki njia ya kawaida ni mkeka wa joto, ule bapa wa umeme, uliobandikwa chini ya beseni kwa nje, upande mmoja, usizidi theluthi ya sakafu. Inua beseni kwa vijiti au vipande vya mpira ili hewa ipite chini. Kwa sanduku la PVC, joto litoke juu: balbu ya kauri isiyotoa mwanga au bamba la joto la kufungwa darini. Balbu yoyote iliyo ndani ya sanduku lazima iwe kwenye kizimba chake cha waya, kwa sababu chatu atajizungushia chochote chenye joto, hata kinachomwunguza.

Hilo ndilo linalowashangaza wengi. Nyoka akilalia kitu cha moto sana mara nyingi haondoki. Anaungua taratibu, tumbo linakuwa jekundu, kisha malengelenge. Ndiyo maana themostati, kile kidhibiti kinachozima na kuwasha joto chenyewe, si kifaa cha kuongeza baadaye mshahara ukitoka. Mkeka usio na themostati unaweza kuvuka nyuzi 45 bila kukuonya. Kama fedha zinatosha kitu kimoja kizuri tu katika orodha yote hii, zinunue themostati. Yale mawe ya plastiki yenye waya wa umeme ndani, yanayouzwa kama mawe ya kuotea, yaache dukani.

Kihisi cha themostati kikae kati ya mkeka na sakafu ya beseni, kimebanwa kwa utepe wa gundi upande wa nje ili nyoka asikisogeze wala kukikojolea. Kisha upime ndani, kwenye plastiki tupu, baada ya kufukua matandazo. Usipime juu ya matandazo! Chatu atachimba mpaka afike chini, na joto atakalolilalia ni lile la chini. Ukiona sakafu imesoma 37, shusha themostati, ngoja saa tatu, pima tena. Themostati yangu imeandikwa 34 ili sakafu isome 32. Namba yako itakuwa nyingine.

Kwa kupimia, ile bastola ya mafundi inayosoma joto bila kugusa ni nzuri sana na si ghali. Ile tuliyopimwa nayo paji la uso wakati wa Korona haifai, imetengenezewa mwili wa binadamu. Ongeza vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye kipima unyevu, kimoja kila upande. Vile vya duara vyenye mshale wa kubandika kiooni hudanganya.

Taa nyekundu au za buluu za usiku hazina kazi. Mpe mwanga wa kawaida wa chumba kwa muda wa saa kumi na mbili, na giza kwa muda uleule. Wapo wanaoongeza taa hafifu ya UVB, miale kama ile ya jua, na sina ugomvi nao, mradi apate mahali pa kuikimbia.

Matandazo na unyevu

Watu wa pwani hapa watafurahi: tandiko bora kuliko yote ni makumbi ya nazi. Kwetu tunayaloweka kwa ajili ya kamba au tunayawashia moto. Huku yanauzwa yamekatwakatwa na kushindiliwa kama tofali, unalitia maji ya uvuguvugu na linafumka ndoo nzima. Usumba wake, ule unga na nyuzi, hushika maji zaidi. Mimi huchanganya vipande na usumba nusu kwa nusu. Weka kina cha sentimita 5 hadi 8 upande wa baridi, na upande wenye mkeka uwe mwembamba, sentimita 2 hivi, la sivyo joto litanaswa chini.

Usitumie vumbi wala maranda ya msonobari au mwerezi. Ile harufu yake nzuri ni mafuta yanayounguza mapafu yake. Mchanga pia hapana.

Unyevu hewani uwe asilimia 60 hadi 70. Akikaribia kujivua gamba uongeze hadi 75 au 80. Katika kiangazi cha Mombasa au Kampala hilo lingekuwa jambo la kawaida, lakini hapa Minnesota, mashine ya kupasha nyumba ikianza kufanya kazi mwezi Novemba, hewa ya ndani hushuka chini ya asilimia 30. Midomo yetu inapasuka, na gamba la chatu hukauka vivyo hivyo. Wasomaji wa Toronto, Oslo na Berlin wanajua ninachosema.

Kunyunyizia kwa chupa hakusaidii sana. Unyevu unapanda kwa saa moja kisha unaanguka. Njia inayodumu ni kumwagia maji pembeni. Chukua kikombe, mimina taratibu kwenye pembe za upande wa baridi, maji yashuke hadi tabaka la chini. Juu pabaki pakavu pa kulalia, chini pawe na unyevu unaopanda hewani polepole, kama ardhi baada ya mvua ya juzi. Katika majira ya baridi mimi humimina robo kikombe kila siku nne au tano, wakati wa kiangazi hata wiki mbili hupita. Ukiweka mkono juu ya tandiko ukatoka na maji, umezidisha. Tumbo la chatu likilala kwenye maji hupata vidonda vya magamba.

Sikiliza pua pia. Sanduku zuri linanukia udongo. Likinukia chumba kilichofungwa muda mrefu, kuna ukungu mahali fulani, na matundu ya hewa hayatoshi.

Maficho

Hapa ndipo tulipomkosea zaidi chatu wetu. Alikuwa na pango moja, kubwa, upande wa moto. Alipohitaji baridi alilazimika kuchagua kati ya kuona joto akiwa salama na kupoa akiwa wazi, naye alichagua usalama, akalala motoni mchana na usiku mpaka mwili ukakauka. Nilipoongeza la pili upande wa baridi, alihama usiku uleule. Siku ya tisa alikula.

Weka maficho mawili yanayofanana kabisa, moja kila upande, ili asiwe na sababu ya kupendelea moja. Yawe na mlango mmoja mdogo, yawe meusi ndani, na yawe madogo: akijikunja ndani, ubavu uguse kuta na mgongo uguse dari. Macho ya binadamu humwona amebanwa na kumwonea huruma. Yeye ndivyo anavyotaka. Huhitaji mapango ya bei. Kopo la aiskrimu lililooshwa na kupinduliwa, lenye tundu la upana wa vidole viwili lililolainishwa kwa moto, linatosha mpaka avuke gramu 200. Kisha utafute kubwa zaidi.

Nafasi iliyobaki kati ya maficho isiwe uwanja. Gome la mti, tawi nene lililolazwa, majani ya plastiki yaliyooshwa kwa maji ya moto, mirija ya kadibodi. Chatu mchanga anayevuka sanduku bila kuonekana atalivuka kila usiku, na utamkuta hata akipanda tawi. Anayelazimika kupita uwanjani hatoki.

Bakuli la maji liwe zito, la udongo au kauri, upande wa baridi, pana kiasi cha yeye kujikunja ndani akitaka. Badilisha maji kila siku mbili, na kila akinya humo, maana atakunya humo.

Wiki ya majaribio

Sasa washa kila kitu, na sanduku libaki tupu siku saba. Andika namba asubuhi na usiku: sakafu ya moto, hewa ya baridi, unyevu. Siku za kwanza zitayumba. Rekebisha kitu kimoja tu kwa siku, la sivyo hutajua kilichosaidia. Zikitulia siku tatu mfululizo, nenda kamchukue.

Ukiwa tayari una nyoka mwingine nyumbani, mgeni akae chumba kingine miezi mitatu, juu ya taulo za karatasi nyeupe badala ya makumbi. Juu ya weupe utaona utitiri: vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, vikitembea, hasa kuzunguka macho na ndani ya bakuli la maji. Utitiri ukihamia kwa wote, kazi yake ni ya miezi.

Siku za kwanza na chakula

Mfungulie mfuko ndani ya maficho ya upande wa baridi, funga mlango, zima taa, toka chumbani. Kisha usimguse siku saba. Najua ni adhabu kwa mtoto; wetu alimpa jina, akamchorea kadi na kuibandika nje ya sanduku, na hayo yote yanaruhusiwa. Kumshika hakuruhusiwi.

Siku ya saba au ya nane, mlishe usiku. Mlo wa mchanga uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kila baada ya siku saba. Chatu wa gramu 80 apate kinda la panya la gramu 8 hadi 12. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali, naye awe na yake, isirudi kwenye unga wa mandazi.

Mpe panya aliyegandishwa. Panya hai humng'ata nyoka, na nimeona jicho la chatu wa jirani likipotea hivyo. Mwache panya ayeyuke kwenye friji tangu jana yake, kisha umtie ndani ya mfuko wa plastiki kwenye maji ya moto ya bomba dakika 15 mpaka mwili wake ufike nyuzi 38 hivi. Maikrowevu humpasua, usiitumie. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyoona joto gizani, hivyo panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Mfute maji, mshike kwa koleo ndefu kutoka mkiani, mpitishe polepole mbele ya mlango wa maficho. Akipiga, usisogee wala kusema neno mpaka amalize kumeza. Saa 48 zinazofuata asishikwe, atatapika.

Akikataa, toa panya, mtupe, jaribu tena baada ya siku saba. Usijaribu kila siku. Kila jaribio linamtisha. Kwanza pima upya joto, unyevu na maficho kabla ya kulaumu chakula. Wengine hukubali kirahisi panya wa Kiafrika mwenye manyoya laini, anayefugwa hapa Marekani kwa kazi hiyo, na huyo ni wa ukoo mmoja na panya shamba anayemaliza mahindi Morogoro. Ndicho chakula cha kwao. Mkubwa anaweza kufunga miezi bila madhara, lakini mchanga akipoteza asilimia 10 ya uzito, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaazi. Mtafute daktari huyo leo kabla hujamhitaji, kwa sababu wengi hutibu mbwa na paka tu.

Baada ya milo mitatu aliyokula bila shida, mwanao anaweza kuanza kumshika. Dakika tano kwanza, mara mbili kwa wiki, akimwinua kutoka ubavuni kwa mikono miwili. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, bila kuruka siku hata moja: watambaazi hubeba bakteria wa salmonela, na mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mwenye kinga dhaifu asimguse wala kugusa vitu vyake. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Usafi, dalili na umeme kukatika

Ondoa kinyesi siku unapokiona, pamoja na tandiko la kuzunguka. Yale mabonge meupe kama chokaa ni mkojo wake, usiogope. Badilisha tandiko lote kila miezi miwili au mitatu, na sanduku lisuguliwe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa, lisuuzwe na kukaushwa.

Mambo yanayotaka daktari bila kungoja: kupumua kwa mluzi au kwa kubofyabofya, mapovu mdomoni, kichwa kuinuliwa juu kwa muda mrefu kinywa kikiwa wazi. Hayo ni mapafu, na mara nyingi chanzo chake ni sanduku lenye baridi na maji mengi kwa pamoja.

Umeme ukikatika wakati wa theluji, mtie chatu ndani ya foronya, ufunge fundo, umweke kwenye boksi la kuhifadhia vinywaji pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Badilisha chupa kila saa mbili tatu. Sisi tulipita hivyo usiku mmoja wa Januari, naye asubuhi alikuwa mzima.

Gamba, kisha sanduku kubwa

Mchanga hujivua gamba takriban kila wiki nne hadi sita. Rangi itafifia, tumbo litakuwa la waridi, macho yatakuwa ya maziwa. Siku hizo hatashikwa na huenda asile. Ongeza maji kwenye pembe, na ndani ya maficho ya baridi tia konzi moja ya sfagnamu iliyokamuliwa, ule mmea mlaini unaoshika maji kama sponji. Macho yataangaza tena, na siku tatu nne baadaye utakuta gamba zima, kutoka midomo hadi ncha ya mkia, limegeuzwa nje ndani kama soksi. Likague kichwani: vifuniko viwili vya macho, angavu kama vipande vya nailoni, viwe vimo. Kimoja kikibaki jichoni usikibandue kwa kucha wala gundi. Ongeza unyevu, ungoje gamba lijalo, na likipita nacho kikabaki, daktari. Vipande vilivyonata mwilini hulainika ukimweka ndani ya mfuko wa kitambaa uliolowa maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, ukiwa karibu naye muda wote.

Urefu wa mwili wake ukikaribia jumla ya urefu na upana wa sanduku, mhamishe. Liandae lile kubwa kama ulivyoliandaa la kwanza, na wiki yake ya majaribio. Siku ya kuhama, chukua maficho yake mawili ya zamani bila kuyaosha, na konzi tatu nne za matandazo yake safi, uyatie kwenye sanduku jipya kabla ya kumwingiza. Atakapotoa ulimi mara ya kwanza gizani, atakutana na harufu yake mwenyewe.